Mimba ya Pili ya Emérence

Mtoto wa kwanza wa Emérence alizaliwa kimya. Ilikuwa Butembo, mwaka wa 2000, msimu wa mvua, asubuhi ambayo ukungu ulikataa kuondoka mlangoni. Mwuguzi wa kituo cha afya cha karibu alikuwa amekimbia juma moja kabla, baada ya watu wenye bunduki kuingia na kubeba dawa na magodoro. Kwa hiyo Emérence alijifungulia nyumbani kwa mama mkwe wake, juu ya mkeka, mikononi mwa wanawake wawili wa mtaa. Walipompokea mtoto waliacha kusemezana. Emérence alilala akihema, akingoja sauti. Akangoja. Kisha akamsikia mama mkwe, mama Rébecca, akisema taratibu:

"Muangalie shingo. Kamba ya kitovu imezunguka mara mbili."

Alikuwa mvulana. Hawakumwonyesha. Walimfunga katika kitambaa, wakampeleka nyuma ya nyumba, upande wa migomba, na wanaume wawili wa ukoo wakachimba haraka kabla mvua haijaanza tena. Hakupewa jina. Mume wake, Lusenge, alisimama mlangoni na kofia mkononi, akamtazama mkewe mara moja, akageuka kuangalia nje.

Baadaye mama Rébecca alileta uji. Alikaa juu ya kiti kifupi, akangoja Emérence anywe nusu ya kikombe, ndipo akauliza:

"Ulibeba mizigo mpaka mwezi wa ngapi?"

"Wa nane, mama."

"Na ile kamba ya kichwa?"

"Ndiyo, njo ninabebea siku zote, mama."

Mama Rébecca akaguna. "Basi njo ile. Kamba ilikuwa inakaza huku kwa kichwa, na ingine inakaza kule ndani. Mutoto angepita wapi?"

Katika milima ile wanawake hawabebi mzigo juu ya kichwa. Huuweka mgongoni, wakaushika kwa kamba pana inayopita kwenye paji la uso, na kupanda mlima wameinama, shingo imekaza, mikono ikiwa huru kufanya kazi nyingine. Emérence alianza kubeba hivyo akiwa na miaka saba. Mama yake alikuwa amekufa, akalelewa na bibi yake kwenye kilima nje ya mji, na bibi alikuwa mzee. Kuni, maji, viazi, vyote vilipanda kwa mgongo wa mtoto. Akiwa na miaka kumi na tano hapakuwa na msichana wa kumpita kwenye mteremko ule. Lusenge mwenyewe alimwona hivyo mara ya kwanza. Alikuwa akisukuma baiskeli iliyojaa vitunguu, anatoka jasho, na msichana mwenye gunia la viazi mgongoni akampita, akamwambia "Pole, papa" bila kusimama. Lusenge alicheka mpaka baiskeli ikaanguka. Walioana mwaka uliofuata.

Sasa nguvu ile ile ndiyo ilikuwa imeua mtoto. Hivyo ndivyo ilivyosemwa. Mama Rébecca hakuwa mtu wa kupiga kelele; alilisema jambo hilo mara moja kwa majirani, mara moja kwa wanawake wa kanisa lake, na ilitosha. Watu walikuja kumpa Emérence pole, na kila pole ilikuwa na swali ndani yake. Ulibeba nini? Uliruka kamba ya mbuzi? Ulifuma sweta? Emérence, ambaye alikuwa Mkatoliki katika nyumba ya Waprotestanti, aliulizwa hata habari ya rozari aliyokuwa akiivaa shingoni. Aliivua siku hiyo hiyo, akaiweka ndani ya mkebe wa chumvi uliokuwa mtupu.

Alichongojea ni Lusenge aseme neno. Lolote. Lusenge alikuwa mwema kwake. Alimletea sabuni kutoka sokoni, alichota maji mwenyewe ingawa wanaume wenzake walimcheka, na usiku aliweka mkono wake juu ya bega la mkewe mpaka usingizi umchukue. Lakini juu ya mtoto yule hakusema kitu, wala siku ile wala mwaka ule wala uliofuata. Emérence akaelewa kuwa yeye pia anaamini.

Miaka mitatu ilipita. Vita vilibadilisha majina na makamanda; watu wa Butembo waliendelea kulima na kuuza, kwa sababu tumbo halingojei amani. Mwanzoni mwa mwaka wa 2003 Emérence akashika mimba tena.

Safari hii mama Rébecca hakusahau kitu. Kamba ya kubebea ilining'inizwa juu darini, mahali Emérence asipoweza kuifikia. Hakuruhusiwa kufunga mbuzi wala kumfungua. Hakuruhusiwa kuvuta ndoo kisimani, kusuka nywele za mtu, kukunja uzi. Alipita mbali na nguo zilizoanikwa, maana kamba ya kuanikia nayo ni kamba. Emérence alitii yote, akaongeza na yake. Alitoa utepe kiunoni mwa sketi zake, akawa anazishikilia kwa pini. Na kwa kuwa mwanamke mmoja alimwambia kuwa mama akijigeuza kitandani mtoto hujizungusha pamoja naye, alijifunza kulala upande mmoja mpaka asubuhi, bega limekufa ganzi, anasikiliza pumzi ya Lusenge na kuogopa kugeuka kumtazama.

Mwezi wa tano Lusenge aliondoka kwenda Kayna kununua maharagwe. Ilikuwa safari aliyoizoea. Barabara kuu ya kusini, siku nne au tano kwenda na kurudi kama lori halijakwama kwenye tope.

"Nitarudia dimanshi," alisema.

"Unirudie salama," Emérence akajibu. Alitaka kumwambia kwamba anaogopa, lakini mama Rébecca alikuwa pale pale akipepeta mchele, na lori lilikuwa likipiga honi.

Jumapili ilipita. Kisha zikaanza kufika habari kwamba watu wa upande wa pili wanapanda kutoka kusini, kwamba Kayna imekamatwa, kwamba mstari wa vita umesogea na kuwaacha waliokuwa kule nyuma yake. Malori yakaacha kutoka huko. Walifika watu kwa miguu, wamebeba magodoro na kuku, na Emérence alisimama kando ya barabara siku tatu akiwauliza mmoja mmoja. Mtu mrefu, mwembamba, kofia ya bluu. Hakuna aliyemwona. Mmoja alisema amemwona akiwa mzima. Mwingine alisema wanaume wengi wa Kayna wamelazimishwa kubeba risasi za askari. Emérence hakujua amwamini nani, akaacha kuuliza.

Wiki iliyofuata mizinga ilianza kusikika mbali, upande wa Lubero. Mama Rébecca alimwita jikoni.

"Enda Beni," alisema. "Mathe iko na chumba kule Bungulu, hakuna mutu ndani."

Mathe alikuwa kaka mkubwa wa Lusenge, mnunuzi wa kakao. Siku nyingi alikuwa vijijini huko Oicha na kwingine, akifuata mavuno.

"Na weye, mama?"

"Mi niko na mbuzi yangu na shamba. Mi nimezeeka, batanifanya nini? Mais weye na ile tumbo, kama bamefika hapa, utakimbia namna gani?"

Emérence hakuelewa kama anahurumiwa au anafukuzwa. Huenda ilikuwa yote mawili. Kesho yake alipanda lori la mbao, akakaa mbele kwa sababu ya mimba, furushi la nguo magotini. Walishuka kutoka kwenye baridi ya Butembo, na kila kona hewa ilizidi kuwa nzito. Beni ilimpokea kwa joto, vumbi na pikipiki. Kila kona palikuwa na askari, na katika viwanja vya makanisa walikaa watu waliokimbia mauaji ya msituni, upande wa Ituri, wakipika chini ya mahema ya plastiki.

Chumba cha Mathe kilikuwa nyuma ya ghala lake la kakao. Kilikuwa na kitanda, meza, na harufu ya kakao chachu iliyoingia mpaka kwenye mto. Mathe alikuja mara moja, akamwachia ufunguo na dumu la mafuta ya mawese ili auze kwa chupa mbele ya nyumba, akaondoka. Basi Emérence akawa anakaa mlangoni, chupa zake zimepangwa juu ya ubao, tumbo mapajani. Wateja walikuja, wakasema bei, wakachukua, wakaenda. Kuna siku ilipita na maneno aliyoyasema yote yalikuwa "ndiyo", "hapana" na "aksanti".

Jirani mmoja, Eliane, mke wa fundi wa baiskeli, alimuuliza siku ya kwanza: "Mama nani?"

Kule kwao mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake. Emérence alikuwa amezaa, lakini mtoto hakuwa na jina.

"Emérence tu," akasema.

Eliane akatazama tumbo lake. "Ah, ya kwanza."

Emérence hakumsahihisha. Tangu siku hiyo kila alipomwona Eliane alihisi kama amemwibia yule mvulana kitu.

Eliane ndiye aliyempeleka kupima mimba. Maternite, zahanati ya wazazi, ilikuwa ndogo, vyumba viwili vya udongo vilivyopakwa chokaa, na mkunga wake alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini aliyeitwa mama Berthe, mwenye viatu vya plastiki na sauti ya kukwaruza. Alimlaza Emérence, akamminyaminya tumbo kwa mikono ya moto, akaweka chombo chake cha mbao chenye umbo la tarumbeta ndogo, akatia sikio na kufumba macho.

"Roho yake inapiga muzuri," alisema. "Sasa juu ya nini unalala kama muti? Geuka huku."

"Siwezi, mama."

"Unaumia?"

"Hapana. Naogopa kamba itamuzunguka."

Mama Berthe alifumbua macho. Aliwaambia wanawake waliokuwa kwenye benchi wangoje nje kidogo, akavuta kiti.

"Nani alikuambia ile?"

Emérence alimweleza. Hakuwa amepanga kueleza. Alianza na habari ya kulala upande mmoja, na maneno yakavutana, mpaka akafika kwenye mkeka, na wanawake wawili, na shingo. Alisimulia akiangalia dari. Mama Berthe hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, mkunga akasema:

"Sikiliza, mwanangu. Mi napokea batoto mwaka wa makumi mbili na sita huu. Mu batoto batano, moja anakuyaka na kamba kwa shingo. Ingine mara mbili, ingine mara tatu. Napitisha kidole, naitoa juu ya kichwa, mutoto analia, mama yake hajue ata. Wengi zaidi banaishi. Unaona?"

"Na wangu?"

"Wako, mi sikukuwa pale. Pengine ilikaza sana wakati wa kushuka. Pengine kulikuwa kitu kingine, na kamba banaiona tu sababu iko kwa macho. Sijue. Mais kitu moja najua. Mutoto anaogelea mule ndani mwa maji. Anapiga miguu, anajigeuza, anapita mu kamba yake yeye mwenyewe, kama vile batoto banacheza. Ile kamba ni refu, tena inateleza. Hakuna kitu unabeba kwa kichwa inaweza kufika kule. Hakuna kamba ya mbuzi, hakuna rozari, hakuna kosa yako. Haiko weye."

Emérence aliendelea kutazama dari.

"Unasikia? Haiko weye."

"Nasikia, mama."

"Donc geuka huku, nikupime mugongo."

Aligeuka, mwili wote umekaza. Kabla hajaondoka mama Berthe alimwambia jambo moja la kufuata: ahesabu michezo ya mtoto kila siku. Mtoto akipunguza kucheza, asingoje kesho, asiulize mtu, aje.

Alirudi nyumbani kwa miguu peke yake. Ungedhani mzigo wa miaka mitatu umeshuka, lakini haikuwa hivyo. Alimsikia mkunga, akaona ni mtu mwema. Na watu wema husema mambo ya kufariji. Mama Rébecca naye alikuwa amezaa watoto na kuona mengi. Nani alisema kweli? Kama angekuwepo, angemuuliza Lusenge, lakini Lusenge alikuwa upande wa pili wa vita. Alipofika chumbani hakushika kamba yoyote, akalala upande mmoja kama kawaida.

Miezi ikaenda. Huko juu viongozi walitia sahihi karatasi zao, ikasemwa vita vimekwisha. Beni ilisikiliza redio na kuendelea kufunga milango mapema. Mizinga ya Lubero ilinyamaza. Dereva mmoja wa lori, mzee Gamaliel, aliyemfahamu Lusenge toka zamani, alipita akasema barabara ya Kayna itafunguliwa karibuni, ila bado.

"Ukifika kule, papa, umutafute," Emérence alimwambia. "Umwambie niko Bungulu."

"Nitamwambia nini tena?"

Alifikiri. "Ile tu," akasema.

Katikati ya mwezi wa kumi, siku ya Jumanne, Emérence aliona mtoto ametulia. Alikunywa maji, akalala, akangoja. Mtoto alisogea kidogo, kama mtu anayejinyoosha, akanyamaza tena. Alfajiri ya Jumatano alimsikia mara moja tu. Alikumbuka neno la mkunga. Eliane alikuwa ameenda shambani. Alifunga mlango, akaziacha chupa pale pale juu ya ubao, akasimamisha pikipiki na kukaa kiubavu, mkono mmoja tumboni, akimwomba dereva aende polepole na wakati huohuo aende haraka. Uchungu ulimkuta njiani.

Mama Berthe alitega sikio kwa muda mrefu. Alitega uchungu ulipokuja, akatega ulipoondoka.

"Iko hai," alisema. "Mais uchungu ikikuya, roho yake inashuka. Ikienda, inapanda. Labda kamba inabanwa."

Alituma mtu kutafuta gari la kumpeleka kwenye hospitali kubwa kwa upasuaji. Gari moja lilikuwa limeharibika, jingine lilikuwa limechukuliwa na wanajeshi. Alipopima tena aliona njia imekwisha kufunguka, akavua saa yake na kunawa.

"Tutafanya hapa," alisema. "Unisikilize mi tu. Nikisema sukuma, sukuma. Nikisema simama, uache kusukuma ata kama unakufa."

Dirisha lilikuwa wazi. Nje mtu alikuwa akigonga bati. Emérence alishika vyuma vya kitanda, akasukuma, akaacha, akasukuma. Hakulia. Alikuwa ameamua asipige kelele, ili mtoto akilia, au akikaa kimya kama wa kwanza, asikie. Jua lilikuwa limepanda juu ya paa kichwa kilipotoka, na mama Berthe akasema kwa sauti tofauti, "Simama. Simama pale pale. Usisukume."

Emérence aliinua kichwa akaona uso wa mkunga umeinama, vidole vyake vikitafuta.

"Ni nini, mama?"

"Kamba."

"Ngapi?"

"Mbili. Imekaza, haipite kidole. Naikata hapa hapa. Usisogee."

Alisikia vyuma viwili vikibana, kisha mkasi. "Sasa sukuma!" Mtoto akateleza nje mwili wote kwa mara moja. Alikuwa wa rangi ya zambarau, mikono inaning'inia. Mama Berthe alimlaza juu ya kitambaa kikavu, akamsugua mgongo, akamfuta mdomo. Hakuna kitu. Akamsugua nyayo. Hakuna. Akashika mpira wenye barakoa ndogo, akaufunika uso wa mtoto, akabana. Kifua kidogo kikainuka. Akabana tena, akinong'ona hesabu kwa Kinande, lugha ya kwao. Emérence alihesabu pamoja naye. Walifika thelathini na kitu mtoto alipokunja uso, akakohoa, akatoa sauti nyembamba, ya hasira, iliyokatika na kurudi ikiwa kubwa zaidi.

"Mwanamke," alisema mama Berthe, na yeye mwenyewe akakaa chini.

Walimweka juu ya kifua cha mama yake. Alikuwa na moto. Shingoni alikuwa na michirizi miwili myekundu, ambayo mkunga alisema itafutika siku tatu. Emérence aliipitishia kidole. Miezi tisa hakugusa kamba. Hakubeba, hakufuma, hakuanika nguo, hakujigeuza kitandani. Na kamba ilizunguka mara mbili, sawasawa na ya yule mvulana.

Hapo ndipo alipolia. Mama Berthe alidhani ni furaha, akamwacha. Ilikuwa furaha, lakini ndani yake mlikuwa na jambo jingine: miaka mitatu. Miaka mitatu alipita kwenye mlango ule wa nyuma akiinamisha uso, hathubutu kutazama upande wa migomba, kwa kuwa aliamini aliyemlaza pale ni yeye. Sasa alijua siyo yeye, na hapakuwa na mtu pale wa kumwambia.

Alimwita mtoto Falonne. Eliane alileta ndizi na kuanza kumwita Mama Falonne siku ile ile, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

Mama Rébecca alishuka Beni mwezi uliofuata, na kuku wawili miguu yao imefungwa. Alimpokea mjukuu, akamgeuza huku na huku, akamnusa kichwa.

"Unaona?" alisema. "Ulisikia maneno yangu, mutoto ameishi."

"Mama," Emérence alisema. Alikuwa amefanya mazoezi ya maneno haya mara nyingi mbele ya chupa zake za mafuta. "Nilisikia yote. Sikugusa kamba ata moja. Na alizaliwa na kamba kwa shingo mara mbili. Uulize mama Berthe. Baliikata mutoto akiwa bado ndani mwangu."

Mama Rébecca aliacha kumtikisa mtoto.

"Mara mbili?"

"Mbili, mama. Iko inajizungusha yenyewe, mutoto akicheza. Haiko kubeba."

Mama mkwe alitazama mtoto, kisha mlango. Mteja alikuja, akahudumiwa, akaondoka. Kisha akasema, si kwa Emérence hasa, "Banawake ba zamani bote banasema ni kamba ya kichwa. Mi pia, njo vile baliniambia." Akamrudisha mtoto kwa mama yake, akaenda uani kufungua kuku. Hakuomba msamaha, wala Emérence hakungoja aombe. Jioni alimsikia akimwimbia Falonne wimbo wa Kinande, sauti imepasuka katikati.

Lusenge alifika kabla ya Noeli, kwenye lori la mzee Gamaliel. Alikuwa amekonda, kofia imepotea, na begani alikuwa na kovu refu la mahali ambapo masanduku ya risasi yalimchubua. Askari walikuwa wamembebesha miezi miwili kabla hajatoroka na kujificha kwa mlinzi mmoja wa kanisa. Alisimama mlangoni, akaona chupa, akaona mkewe, akaona mtoto. Akakaa chini pale pale vumbini.

Siku za kwanza walizungumza vitu vidogo. Siku ya nne Emérence alikuwa akinyonyesha, jua la mchana limeingia mpaka miguuni mwao, akamweleza habari ya kuzaliwa kwa Falonne, yote, mpaka mkasi. Alimweleza na alivyomjibu mama yake.

Lusenge aliinama. "Katikati ya Mathe na miye kulikuwa mutoto mwanamuke," alisema. "Alitoka vilevile, amekufa. Mama hasemaka juu yake. Tantine, shangazi yetu, njo aliniambia, nilikuwa mukubwa tayari."

"Na juu ya wetu, weye uliwaza nini?"

"Mi? Sikuwaza kama ni weye. Ata siku moja."

Emérence alimtazama. "Hukusema."

"Nilizani unajua."

"Ningejua namna gani? Miaka tatu, Lusenge. Nilizani na weye unaamini. Nilikuwa peke yangu mu ile nyumba."

Lusenge aliinama tena. Alisema aliogopa kumpinga mama yake. Alisema aliogopa pia kwamba akianza kusema atalia mbele ya watu. Yote yalikuwa kweli, na Emérence aliyaamini, na hayakutosha.

"Basi sema sasa," alisema.

"Nini?"

"Unajua."

Mtaani pikipiki ilipita, ikafuatwa na nyingine. Lusenge alinyanyua uso.

"Haikukuwa weye," alisema. "Mutoto wetu alikufa, na haikukuwa weye."

Alilisikia. Lilikuwa neno dogo kuliko alivyolingojea, na lilikuja likiwa limechelewa, kama mgeni anayefika watu wamekwisha kula. Alimhamisha Falonne upande wa pili wa kifua na kumwambia mumewe asogee kivulini, jua lilikuwa linampiga kichwani.

Hawakurudi Butembo. Lusenge alianza kununua kakao pamoja na Mathe, na siku nyingi alikuwa vijijini. Emérence aliendelea na mafuta yake. Mama Berthe, akikutana na mwanamke aliyepoteza mtoto na asiyetaka kusema na mtu, alimwelekeza Bungulu, nyuma ya ghala la kakao. Wengine walikuja, wengine hawakuja. Waliokuja Emérence aliwapa kiti na kuwauliza swali ambalo yeye mwenyewe hakuulizwa na mtu: alikuwa mvulana au msichana, na mlitaka kumwita nani.